Mvua ya Uongo ya Mama

Mbele ya nyumba yetu kuna shamba la muhogo, na mbele ya shamba kuna plene. Ndivyo tunavyouita huku Kasongo uwanja wa ndege: njia ndefu ya udongo mwekundu, nyasi pande zote mbili, na siku zisizo na ndege ni malisho ya mbuzi wa mtaa mzima. Nimeishi hapo miaka yangu yote arobaini na sita, na mpaka mwaka jana sikuwahi kupanda kitu kinachoruka.

Si kwamba sikusafiri. Nyangwe nimefika, nikala samaki, nikarudi siku ileile. Wamaza nimefika kwa pikipiki mara mbili, yaani kwenda na kurudi, na baada ya hapo nilikula chakula nimesimama wiki nzima. Basi, imetosha. Mtu akiwa na kiti chake, kivuli chake na mwembe wa jirani unaodondosha upande wake, anatafuta nini barabarani?

Lakini ndege nazijua. Nikiwa nimelala, shuka juu ya kichwa, nitakwambia hii ina injini moja, hii ina mbili, hii imebeba mzigo, hii imekuja tupu. Wageni wakija nyumbani nawafanyia maonyesho, na sijakosea mara nyingi. Sekondari tulipofundishwa kwa nini ndege haianguki, nilielewa kila mstari ubaoni, nikapata hata alama nzuri. Ni mwili wangu ndio haukuelewa. Mke wangu husema nazijua ndege jinsi padri anavyoijua ndoa.

Mwaka kwetu haufunguki mwezi wa kwanza. Unafunguka mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikipiga vumbi. Wiki moja tu na kila kitu kinaamka kwa fujo: vyura wanaanza ugomvi wao kule kijitoni, minana wanachana majani ya mchikichi wetu kusuka viota mpaka mti unabaki kama ufagio uliozeeka, vinyonga wanavuka njia wakifikiri kila hatua. Wanawake wanatoa mbegu za karanga zilizohifadhiwa juu ya moshi wa jiko. Mwewe, ambao kiangazi chote walikuwa wachache, wanajaa angani. Wanajua kinachokuja. Na sisi tunajua: kumbikumbi.

Hapa kwetu kila kichuguu kina mwenyewe, kama vile shamba. Changu nilirithi kwa baba, na kiko kwenye ncha ya plene, hatua chache tu kutoka pale magurudumu yanapogusa ardhi. Cha mama kiko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijito, mbali na njia ya ndege. Alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, na hakuna mkono mwingine unaokigusa. Ndoo ya kwanza ya kichuguu hicho haiuzwi. Mama huigawa nyumba kwa nyumba, kikombe kimoja kimoja, na mwaka wote watu humsalimia kwa sababu ya kikombe hicho.

Namna ya kuwatoa ni hii. Kumbikumbi hawatoki mpaka wasikie mvua. Sisi hatungoji: tunawapigia mvua ya uongo. Unalaza ubao mkavu chini ya kichuguu, unaupiga kwa fimbo mbili, na wale waliomo ndani wanadhani mbingu imefunguka. Lakini kwanza unafunika kichuguu chote kwa turubai, ukiacha mlango mmoja mdogo wenye mwanga na ndoo imezikwa chini yake. Bila kufunika, umewafungulia njia ya kwenda mbinguni, na wewe utabaki na mabawa.

Mama ndiye aliyenifundisha. Miaka mitatu sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho, la kushoto kwanza, kisha la kulia, mpaka akabaki anatofautisha mchana na usiku tu. Alitutambua kwa sauti ya miguu yetu. Karanga bado alimenya, na kumenya kwake kulikuwa na kasi kuliko kwetu wenye macho, lakini shambani hakwenda tena. "Nimekuwa mugeni mu nyumba yangu," alisema siku moja. "Kila pahali ninafika wananipa kiti."

Basi mwaka jana, mvua ndiyo zimeanza, tukasikia kanisani kwamba madaktari wa macho wamefika Kindu. Watapasua siku chache, kisha wanaondoka. Parokia ikatutafutia nafasi mbili kwenye ndege ndogo ya Alhamisi. Kuikosa Alhamisi hiyo kulikuwa sawasawa na kuwakosa madaktari. Kwa barabara, na matope yale, mama hangefika. Mimi mwenye macho mawili mazima nilishindwa na Wamaza.

Swali likabaki: nani atamsindikiza? Tulikuwa tumekaa uani. Nikakohoa, nikaeleza kazi nyingi zinazoningoja shambani.

"Ataenda huyu," mama akasema, akaninyooshea kidole bila kukosea. "Si ni yeye anajua aviyo?" Aviyo kwetu ni ndege.

Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Nilikuwa nimejitega mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, miaka yote ile.

Alhamisi ikafika. Alfajiri ilipita mvua nyepesi, halafu jua likatoka kali. Ndege ilitakiwa saa nne. Saa tatu, nikiwa nimevaa suruali ya kusafiria, nikaona siku ni nzuri mno kwa kumbikumbi. Na huko Kindu tulikuwa tunakwenda kufikia kwa dada yake mama. Unafikaje kwa watu mikono mitupu? Tena msimu huu? Nikachukua ndoo, fimbo na ubao.

"Baba watoto, unaenda wapi na fimbo?" mke wangu akauliza.

"Kichuguuni. Nusu saa tu."

"Leo? Aviyo iko njiani, na wewe uko unaenda kichuguuni?"

"Hatuwezi kufika na mikono mitupu."

"Na woga wako unaupeleka kwa mkono gani? Shuka yako nimeiweka mu valizi, ile ya kujifunika kichwa."

Nikashika njia. Turubai lenyewe tulikuwa tumelizungushia valizi, yaani sanduku la safari, kwa sababu ya mvua ya alfajiri, na sikutaka kurudi kulifungua mbele ya mdomo ule. Nikakata majani ya ndizi, nikajenga paa langu juu ya kichuguu, nikarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa zuri. Nikaanza kupiga.

Sijawahi kupiga vile. Labda ni hofu iliyonipa nguvu. Muda si muda wakaanza kutoka, si kwa mlango mmoja bali kwa kila tundu, wanene, wanameremeta, ndoo ikaanza kunong'ona. Halafu ukaja upepo, upepo mdogo tu, hata kofia usingeangusha, ukalichukua paa langu zima na kuliweka kwenye nyasi. Kumbikumbi wakapanda juu kama moshi wa tanuri la matofali.

Mtu mwenye akili angeziba matundu papo hapo. Mimi niliinama nikachota kwa mikono miwili, nikijisemea kwamba waliobaki wanatosha. Mbayuwayu wakaja kwanza. Kisha kunguru. Kisha mwewe mmoja, watatu, kumi, halafu nikaacha kuinua kichwa. Yangeyange wakashuka katikati ya plene, wakatembea huku na huku na miguu yao mirefu kama wanakwaya waliochelewa misa. Na mimi, mjuzi wa ndege, nilikuwa nimeinama chini ya wingu lile lote, kwenye ncha ya njia, nikijaza ndoo.

Nikaisikia. Injini moja, mzigo mzito, inatoka upande wa mto.

Papo hapo ikalia filimbi. Mtunza plene ameoa binti wa shangazi yangu, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutukana hata mbele ya askofu. Kazi yake ni kufukuza mbuzi kwa baiskeli na kusema na marubani kwa fonia, ile redio yake kubwa ya mkononi. Alikuja akikanyaga pedeli amesimama.

"Shemeji! Ni nini hii umefanya?"

"Kumbikumbi."

"Kumbikumbi ninaona! Kule juu ni nini?"

Nikatazama juu. Mwewe walikuwa wanazunguka kama maji yanayokorogwa, wengi kuliko nilivyowahi kuona, sawasawa juu ya mahali ndege inapopita kushuka.

"Mwewe mumoja tu mu injini," akasema, "na sisi wote tunavaa nyeusi."

Ndege ikaja chini, ikainua pua. Ikazunguka, ikaja tena, ikainua tena. Kisha ikanyoosha njia yake, na sauti ikaenda ikipungua nyuma ya misitu.

Nitasema ukweli, maana aliyeuona moyo wangu siku hiyo ni Mungu peke yake na hajanisema kwa mtu. Sauti ile ilipokwisha, nilifurahi. Nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Sipandi, nikawaza. Nitakula nyumbani leo.

Halafu nikamwona mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mzani, na kitenge cha Pasaka na viatu vipya, valizi katikati ya miguu. Uso wake ulikuwa umeifuata ndege mpaka mwisho, na ulikuwa bado unatazama kule ilikopotelea. Nikaenda nikasimama mbele yake na ndoo yangu.

"Imeenda?" akauliza.

"Imeenda, mama."

"Injini moja ao mbili?"

"Moja."

"Basi ilikuwa yetu."

Afadhali angenitukana. Mke wangu akaja na kunivuta pembeni.

"Baba watoto, sema ukweli. Ulifanya makusudi?"

"Hapana!"

"Nakuuliza kwa sababu hata ningekuwa mimi ndiye mwoga, nisingepata akili ya kupanga hivi."

Fonia ikakwaruza. Shemeji akasikiliza na sikio moja, akaziba la pili kwa kidole, akarudi kwetu. Rubani anakwenda kushusha mzigo kwenye kiwanja kingine mbele. Baada ya saa moja na nusu atapita hapa. Akikuta mwewe bado wapo, hashuki. Anaenda zake moja kwa moja Kindu.

Tukaanza vita. Nilifukia matundu ya kichuguu changu kwa matope na majani, nikafungua valizi na kukifunika kwa turubai lilelile. Lakini waliokwisha toka walikuwa wamejaa nyasini na hewani. Shemeji aliendesha baiskeli akipiga filimbi. Mke wangu alipiga sufuria. Majirani walirusha mawe. Mwewe walipanda kidogo, kwa heshima, kisha wakarudi mezani. Yangeyange walihama hatua kumi wakatungoja tupite.

"Muache kupiga kelele," mama akasema kutoka kwenye benchi. "Wako na njaa, watasikia nani? Tuwape kula pahali pengine. Munipeleke kwa kichuguu changu."

Shemeji akanitazama. Mimi nikamtazama mama.

"Mama, ile ni ya kugawa. Bado hujatoa hata kikombe kimoja mwaka huu."

"Ninajua mwaka gani iko. Nipe mukono."

"Na turubai niliondoe kule?"

"Ya nini? Leo hatufuniki. Leo iko ya mwewe."

Alivua viatu vipya, akanipa nivishike; ubao na fimbo nikavibana kwapani. Tukapita kando ya nyumba, mkono wake begani kwangu, tukavuka kijito, maji yakafika kwenye pindo la kitenge na hakulijali. Kichuguuni alipapasa kwa mguu mpaka akapata mahali pa kulaza ubao. Akapiga magoti na nguo yake ya Pasaka. Nikampa fimbo.

"Wewe unapiga kama askari anavunja mulango," akasema. "Nilikuwa nasikia toka nyumbani. Mvua inaanza hivyo?"

Akapiga mara moja. Akangoja. Mara moja tena, kwa fimbo nyingine. Tone hapa, tone kule, kama mvua isiyo na uhakika. Polepole akaunganisha, akaongeza, kisha akapunguza ghafla kama upepo umeipeleka mvua pembeni, akairudisha. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikimwona akipiga, nilitaka kwenda kuanua nguo.

Muda ulikuwa unakwenda. Kule plene mwewe bado walikuwa wanazunguka. Hakuna kumbikumbi hata mmoja.

"Mama, labda wa huku bado hawajakomaa."

"Nyamaza."

Akaweka fimbo moja chini na kulaza kiganja juu ya kichuguu, kama unavyopima homa ya mtoto. Mkono wa pili uliendelea kupiga.

"Wanakuja," akasema.

Sikuona kitu. Udongo tu. Kisha tundu moja likawa na vichwa vyekundu vya wale askari wao wanaotangulia kukagua. Kisha tundu la pili. Halafu kichuguu chote kikachemka, na mabawa yakaanza kupanda mbele ya uso wa mama, yakimgusa mashavu, na yeye akatabasamu bila kuacha kupiga. Hatukuchukua hata mmoja. Nilisimama nimeshika viatu vyake nikitazama utajiri wa mtaa mzima ukienda juu.

Mwewe wa kwanza akainamisha bawa juu ya paa letu. Akapita, akarudi, akashuka. Wa pili akamfuata. Halafu wakaja wote, wakipita chini sana mpaka kuku wetu wakakimbilia jikoni. Yangeyange ndio walichelewa. Waliinuka wa mwisho, wakavuka muhogo kwa mstari mmoja mweupe. Kule plene shemeji akapiga filimbi mara tatu ndefu: njia iko safi.

Na nyuma ya filimbi, mbali sana, nikaisikia.

"Injini moja," nikasema. "Sasa ni tupu, inakuja mbio. Mama, panda!"

Nikaacha fimbo na ubao palepale, nikambeba mgongoni, nikavuka kijito hicho na suruali yangu ya kusafiria, nikapita muhogo nikihema kama gari la mchanga. Mama alikuwa ananipiga bega kwa kiatu. "Kimbia, baba! Ulikula ugali wangu wa bure?"

Ndege ilishuka. Sikumbuki kushuka kwake, maana nilikuwa najaribu kurudisha pumzi. Nakumbuka mzani, kwa sababu pale kila msafiri hupimwa pamoja na mzigo wake mbele ya watu wote. Mama alisomwa haraka. Mimi nilipanda na ndoo yangu ya kumbikumbi, na shemeji akainama kusoma mshale, akainama tena.

"Shemeji, hofu nayo tuihesabu kilo ngapi?"

Watu wakacheka vizuri, na nilistahili. Mke wangu akaifunga valizi upya, akanirekebishia kola.

Ndani nilimkalisha mama dirishani, nikamfunga mkanda, nikajifunga wangu, nikafumba macho. Najua kila sauti ya ndege kutoka chini. Kutoka ndani hakuna hata moja niliyoitambua. Tukakimbia, tukarukaruka, halafu kurukaruka kukaisha na magurudumu yakabaki hayagusi kitu.

"Unaona nini?" mama akauliza sikioni kwangu.

"Naona miti."

"Miti gani?"

"Miti ya... kijani."

"Fungua macho, we. Mumoja asiyeona anatosha mu aviyo hii."

Nikafungua. Ndege ilikuwa imelala upande ikigeuka, na chini ya dirisha lake nikaliona paa letu lenye bati moja jipya. Nikauona mchikichi wenye viota. Nikakiona kijito, na ng'ambo yake kichuguu cha mama kinatoa moshi mweupe wa mabawa, na juu ya moshi mwewe wanazunguka. Maisha yangu yote nimewaona matumbo. Siku hiyo niliwaona migongo: kahawia, mipana, imetulia, na jua juu yake. Nikamwambia hivyo.

"Wako kule wote?"

"Wote, mama. Hakuna hata mmoja kwenye plene."

"Wale vizuri," akasema, akaegemea kiti.

Walimpasua kesho yake, siku ya mwisho ya madaktari, jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata muuguzi akaondoa bandeji. Mama alipepesa, akatazama dirisha kwanza, kisha mikono yake, kisha mimi. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaanza kukosa mahali pa kuweka uso.

"Kumbe umenenepa hivi," akasema. "Kwa miguu nilikuwa nasikia mutu mwembamba."

Nikatoka nje kusimama kidogo. Vumbi la Kindu ni baya kwa macho.

Tuliporudi, kwa ndege hiyohiyo, na mimi nikiwa nimefungua jicho moja kwa muda mwingi wa safari, hakukaa kwenye benchi la mtu. Alipita katikati ya muhogo peke yake, akisimama kulaumu magugu niliyodhani hakuna anayeyaona. Akavuka kijito, nami nyuma yake. Fimbo na ubao vilikuwa palepale, na pande zote za kichuguu mabawa makavu yamelala kama maganda ya karanga. Mwaka huo hakugawa kikombe. Majirani walijua ni kwa nini, na wanamsalimia vilevile.

Juu ya mchikichi walikuwa wamekaa mwewe wawili, wamenona, hawana haraka. Mama aliweka mkono juu ya jicho jipya kukinga jua.

"Ni hawa walikula zangu?"

"Ni hao, mama."

Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kukumbuka sura.

"Mwaka ujao uwaambie zamu yao imekwisha," akasema. Kisha akaokota ubao, akaupangusa kwenye kitenge, akanipa nibebe.